Jumbe wa kilemba, jumbe wa kodi

Kwenye posa moja hapa Ngamiani, Tanga, mshenga aliipamba nasaba ya kijana mpaka akafika kwenye "mjukuu wa jumbe", cheo cha zamani cha mkuu wa mji huku pwani. Bibi mmoja akadakia kutoka chumbani: "Jumbe wa kilemba au wa kodi?" Watu wakacheka, ila swali lenyewe zito.

Wapo wanaosema jumbe ni mjumbe aliyekuzwa, kama mtu anavyokuwa jitu. Yaani tarishi wa mkubwa fulani. Siafiki. Panda Lushoto uwasikie Wasambaa wakisema zumbe, na maana yake mtawala. J yetu kwao huwa z: jina ni zina, jua ni zuwa. Kwangu mimi jumbe na zumbe ni neno moja la kale, na lilimtaja mwenye nchi.

Je, cheo kilirithiwa? Kwa Wakilindi wa Vugha, ukoo uliotawala Usambaa, damu ilibeba mengi: mfalme wao Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki 1862, aliwagawia wanawe sehemu za kutawala. Pwani mambo yalikuwa mengine. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli cha 1903, ambacho sehemu yake kubwa aliiandika Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kinaonyesha ujumbe ulivyopatikana kwa ada na karamu. Ukoo ulikupa haki ya kuomba. Mchele na nyama ndivyo vilivyokufunga kilemba. Mtoto wa jumbe asiye na kitu alibaki kuwa mtoto wa jumbe, basi.

Watetezi wa damu watasema karamu ilikuwa sherehe tu, kwani tajiri asiye na ukoo hakukubaliwa. Sawa, lakini ukoo nao huku kwetu hushonwa. Mali ikikaa vizazi viwili, babu Mshirazi hakosekani.

Halafu akaja Mjerumani. Baada ya vita vya Abushiri vya 1888–1889 alipanga liwali wa mji, akida wa eneo, na chini yao jumbe wa kijiji. Kodi ya nyumba ilipoanza 1898, kuhesabu vibanda kukawa kazi ya jumbe huyo. Baadhi walitoka kwenye koo za zamani, wengine hata kilemba cha kuazima hawakuwa nacho. Tanganyika ilipofuta utawala wa machifu 1963, pwani kilichozikwa kilikuwa zaidi hiki cheo cha kodi. Kile cha kilemba kilishakauka kitambo, kikabaki jina la ukoo.

Mshenga alikohoa, akafungua leso yenye barua. Noti zilipoonekana, bibi hakuuliza tena.