Rais akifuta sherehe ya Uhuru, anafuta ya nani?

Siku hizi hapa Tanzania kila ikikaribia tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru, watu wanasubiri tangazo, gwaride lipo au halipo. Zamani hilo swali halikuwepo kabisa. Ulikuwa unajua asubuhi TV inawashwa, rais anaingia uwanjani na gari la wazi anazunguka anapungia watu, wimbo wa taifa, mizinga 21, anakagua gwaride, alafu vikosi vinapita mbele yake kwa mwendo wa pole na mwendo wa haraka huku mtangazaji anavitaja kimoja kimoja, wanakuja makomandoo, wanakuja watoto wa halaiki, ngoma, basi. Toka 2015 imekuwa ni jambo la kuamuliwa mwaka kwa mwaka, na anayeamua ni mtu mmoja.

Nikumbushe ilivyoanza. Rais Magufuli aliapishwa 5 Novemba 2015 pale Uwanja wa Uhuru, Shamba la Bibi, kwa taratibu zote tunazozijua, gwaride lipo, mizinga ipo, wazee wakamkabidhi mkuki na ngao. Mwezi haujaisha likatoka tangazo kwamba sherehe za Uhuru hamna, 9 Desemba watu wafanye usafi, na shilingi bilioni 4 zilizokuwa za sherehe ziende kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco, hapo hapo Dar. Kumbuka kipindi hicho kipindupindu kilikuwa kinaua watu Dar. Siku yenyewe rais akatoka Ikulu kwa miguu mpaka maeneo ya Feri, kwenye soko la samaki, akawa anaokota uchafu kwa mikono yake, anazoa taka na wavuvi na mama ntilie wanamwangalia kwa karibu. Tangu uhuru miaka 54 hatukuwa tumeona kitu kama kile.

Na mimi nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilikuwa napita ile barabara, najua foleni yake. Ukimuuliza mtu aliyekaa masaa mawili kwenye daladala achague kati ya kuona ndege za kivita zinapita juu kwa dakika moja na kuongezewa njia, jibu unalijua. 2018 ikafutwa tena, milioni 995 zikaenda kujenga hospitali Dodoma, ndio ile Hospitali ya Uhuru. 2020 tena, milioni 835 zikanunua vifaa vya hospitali hiyo hiyo. Samia naye 2022 akafuta, milioni 960 zikaelekezwa kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Hivi vitu vipo, unaweza kwenda kuvishika. Mtu anayesema kufuta sherehe ni kudharau historia inabidi kwanza asimame mbele ya mzazi wa mtoto anayelala kwenye hilo bweni amwelezee kwanini gwaride lilikuwa muhimu zaidi, na mimi sioni atasemaje.

Ila kuna upande mwingine, na huo umeniingia taratibu kadri miaka inavyoenda.

Mimi nilicheza halaiki darasa la tano. Mazoezi ni wiki na wiki, jua kali, vipindi vya mchana hatusomi, mwalimu wa halaiki ana filimbi na fimbo, ukikosea hatua mstari mzima unaanza upya. Leo nikiwa mzazi ningelalamika, na ningekuwa na haki. Lakini siku yenyewe tulipoingia uwanjani na bendera zetu ndogo, tukageuka wote kwa pamoja na lile jukwaa la upande wa pili likalipuka kwa makofi, kuna kitu kilikaa kifuani ambacho hakijatoka mpaka leo, kwamba hii nchi na mimi nimo. Hakuna barabara iliyowahi kunipa hicho kitu. Na hao waliokuwa wanapiga makofi wengi hawajawahi kualikwa popote na serikali, hawana kadi ya mwaliko wa hafla yoyote, siku pekee waliyokuwa wanakaa uwanja mmoja na rais bure kabisa ndio hiyo.

Kwahiyo ukisema umeokoa hela za rais kujionyesha ni kweli kwa sehemu, ila kuna kitu cha wananchi umekichukua humo humo bila kuwauliza. Hela inaonekana kwenye karatasi, hiki kingine hakionekani popote, ndio maana kwenye hesabu siku zote kinashindwa.

Alafu kuna suala la zoea. Mara ya kwanza kufuta ilikuwa habari kubwa, ya pili kidogo, ya tatu kawaida. 2025 baada ya yale yaliyotokea uchaguzi wa 29 Oktoba, watu wamekufa, nchi ina majeraha, serikali ikatangaza 9 Desemba hakuna sherehe, fedha zitumike kukarabati miundombinu iliyoharibiwa. Maneno ni yale yale ya 2015. Lakini mazingira siyo yale hata kidogo, maana 2015 rais alifuta sherehe akashuka mtaani kwa watu, na 2025 siku ilifika watu wameambiwa wakae majumbani. Sababu moja inayotumika kwa hali mbili tofauti namna hiyo, mi naona hapo bajeti imeshakuwa kifuniko tu.

Sasa hapa ndipo nilipofika mwenyewe. Ukiziangalia taratibu za urais utaona haziko sawa. Zipo zinazompamba rais, msafara, chakula, hafla, zulia. Hizo akizikata namshangilia, kama 2015 ile hela iliyochangwa kwa ajili ya hafla ya wabunge akaielekeza kununua vitanda vya hospitali ya Muhimbili, nani alipungukiwa? Zipo nyingine zinazombana rais, zinamlazimisha asimame mbele ya watu, ale kiapo wanamwona, amkabidhi mwenzake hata kama roho haitaki. Hizo si mali yake, na akizigusa inabidi atoe maelezo mazito sana.

Angalia majirani zetu Kenya, wameyaona yote mawili, utaratibu ukifuatwa na utaratibu ukikwepwa, ndani ya miaka mitano. 30 Desemba 2002 pale Uhuru Park, Kibaki anaapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, amevunjika kwenye ajali, watu wamejaa hadi juu ya miti. Moi aliyetawala miaka 24 anaingia anazomewa, msafara wake unarushiwa matope, na bado akakaa pale mpaka akakabidhi. Mtu unaweza kuwa na kesi mia na Moi lakini lile tendo la kukaa na matope yako mbele ya umati ukaacha madaraka, lile lilikuwa ni kulipa deni. Miaka mitano kamili baadae, tarehe ile ile 30 Desemba 2007, Kibaki huyo huyo anaapishwa jioni giza linaingia, Ikulu, muda mfupi tu baada ya matokeo kutangazwa, hamna umati, hamna wageni. Kilichofuata tunakijua, watu zaidi ya elfu moja walikufa.

Sisemi kiapo cha jioni ndio kiliua watu, ugomvi ulikuwa wa kura. Ila Wakenya wenyewe waliona kuna kitu pale, maana Katiba yao ya 2010 ibara ya 141 inasema rais mteule ataapishwa hadharani mbele ya Jaji Mkuu. Hadharani! Neno moja tu limewekwa kwenye katiba na kila Mkenya mtu mzima anajua limetokea wapi. Ndio maana 13 Septemba 2022 Uhuru Kenyatta, ambaye alimpigia kampeni Raila, mpinzani wa Ruto, na kila mtu anajua walivyokuwa na Ruto, alienda Kasarani akashika ule upanga wa madaraka akamkabidhi Ruto mbele ya uwanja uliojaa. Hakuonekana mwenye furaha. Haikuhitajika awe na furaha, hapo ndipo utaratibu unapofanya kazi yake. Marekani ambao wengi tunawaona walimu, Trump 20 Januari 2021 alipanda ndege asubuhi akaondoka, hakuhudhuria kuapishwa kwa Biden, jambo ambalo rais anayemaliza muhula hakuwa amelifanya kwa kususia tangu 1869.

Na sisi 3 Novemba 2025 Rais Samia aliapishwa viwanja vya gwaride Ikulu ya Chamwino, Dodoma, wananchi wa kawaida hawakuingia, tukaangalia kwenye TV. Sababu ya usalama inaeleweka, hali ilikuwa mbaya na kujaza uwanja siku ile ingekuwa hatari kwa watu wenyewe, hilo nalikubali. Ila 1985, 1995, 2005, 2015 sisi ndio tulikuwa nchi ya kutolewa mfano, mzee anatoka mwingine anaingia, wote wawili wapo, watu wanaangalia. Kile kiti cha wananchi kikiwa kitupu linabaki swali ambalo mizinga 21 hailijibu.

Kwa mtazamo wangu gwaride la 9 Desemba lifanyike kila baada ya miaka mitano kama bajeti ndio shida, miaka mingine iwe mikutano ya wilayani tu, halaiki wapewe wiki mbili za mazoezi zisizogusa vipindi, na hilo lipitishwe na Bunge ili lisisubiri tangazo. Na kwenye katiba mpya, siku tukifika huko, lile neno hadharani tulichukue kwa Wakenya kama lilivyo.