Voliumu moja, mwenyewe mmoja

Ceph ni programu inayounganisha seva nyingi ziwe hifadhi moja ya data, yaani klasta. Kuwasha kuakisi, yaani kunakili data mfululizo, kati ya klasta mbili za Ceph ni kazi ya mchana mmoja. Unawasha kuakisi kwenye puli (fungu la hifadhi lenye voliumu) kila upande, unatengeneza tokeni (msimbo wa kutambulishana) upande wa kwanza na kuiingiza upande wa pili, unahakikisha huduma ya rbd-mirror, ndiyo inayobeba nakala, inafanya kazi, kisha unasubiri hali ya voliumu isomeke up+replaying, yaani nakala inapokelewa. Ikishasomeka hivyo, watu wanapeana mikono, ripoti inaandikwa na wakubwa wanaambiwa kwamba sasa tuna kituo cha pili. Mimi nasema hapo kazi haijafika nusu, na naumia kila ninapoona timu nzuri imeishia hapo.

Wasioifahamu: voliumu ninayoizungumzia ni ile diski ambayo mashine pepe (kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva) inaiona kama yake, ingawa vipande vyake vimetawanywa kwenye seva nyingi za klasta. Ndani ya klasta moja Ceph kwa kawaida huweka nakala tatu za kila kipande. Diski ikifa au seva ikizimika, kazi inaendelea. Ila nakala zote tatu ziko chini ya paa moja, na paa linaweza kuungua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, jengo la SBG2 la kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, liliteketea. Kuna wateja waliokuwa na bakapu, lakini bakapu zenyewe zilikuwa kwenye eneo hilohilo, zikaondoka nalo. Ndiyo maana tunataka klasta ya pili, tena iwe mbali.

Umbali una bei yake. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar es Salaam hadi Dodoma kwa barabara ni kama kilomita 450, kwa hiyo kwenda na kurudi huwezi kushuka chini ya milisekunde nne na nusu, na vifaa vya njiani vitaongeza zao. Ukiamua kila andiko, yaani kila data inayoandikwa diskini, lithibitishwe pande zote mbili kabla programu haijajibiwa, hifadhidata inayoandika moja baada ya jingine haitavuka maandiko kama 200 kwa sekunde, hata ukiinunulia diski za bei mbaya namna gani. Nimewahi kuona mfumo wa malipo ukikokota miguu kwa sababu hiyo. Kwa majengo mawili ya mji mmoja, njia hiyo sina ugomvi nayo. Kwa miji miwili, nachagua snapshoti za kila baada ya dakika kadhaa: mfumo unapiga picha ya voliumu, unapeleka mabadiliko tu, programu haisubiri mtu. Ceph ina njia hii tangu toleo la Octopus la mwaka 2020. Ile ya zamani ya jornali, yaani daftari ambalo kila badiliko huandikwa humo kwanza, hupunguza zaidi kinachoweza kupotea, lakini kila andiko huandikwa mara mbili, na diski zinalisikia hilo.

Dakika ngapi, basi? Swali hili mafundi tumezoea kujijibia wenyewe, na hatuna haki nalo. Kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo nilichokifanyia kazi, nilikwenda kumuuliza mhasibu mkuu, mama wa makamo aliyekuwa ameanzia kazi kwenye daftari. Nikamwambia, “Shikamoo mama. Jengo likiungua saa nne asubuhi, mkapoteza kazi ya dakika kadhaa zilizopita, ni ngapi mnaweza kuzirudisha?” Akafikiri, akafungua droo ya risiti, akanionyesha. “Marahaba mwanangu. Dakika kumi nazirudisha kwa risiti hizi. Saa nzima siwezi, tutagombana na wanachama.” Jibu la aina hiyo hulipati kwenye mwongozo wowote. Tukaweka ratiba ya dakika tano, si kumi, kwa sababu kinachopotea ni muda wa kati ya snapshoti mbili pamoja na muda wa kuisafirisha. Snapshoti iliyofika nusu haihesabiki. Klasta ya pili inarudi kwenye ile ya mwisho iliyokamilika.

Kisha kuna hesabu ya njia. Terabaiti moja kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua kama saa 22, laini ikiwa tupu kabisa. Terabaiti kumi ni zaidi ya siku tisa. Ukiweza, jenga klasta ya pili kando ya ya kwanza, zisawazishe kwa waya wa ndani, ndipo uipakie kwenye gari.

Mengine nitayataja haraka. Anayevuta data ni rbd-mirror ya upande unaopokea, na ni lazima aifikie kila monita (mratibu wa klasta) na kila OSD (huduma inayosimamia diski) ya upande unaotoa. Wengi hufungua fayawoli (kizuizi cha mtandao) kwa monita tu, yaani milango ya 3300 na 6789, wakasahau milango ya OSD inayoanzia 6800, halafu wanashangaa tokeni imekubalika na hakuna kinachosogea. Jina la puli lifanane pande zote. Na kama hifadhidata yako imegawanywa, data kwenye voliumu moja na kumbukumbu za miamala kwenye nyingine, ziunganishe ziwe voliumu moja. Ratiba hupiga picha ya kila voliumu kivyake, kwa hiyo siku ya janga utapata data ya saa 4:05 na kumbukumbu ya saa 4:07, na hifadhidata itakataa kuamka.

Sasa niseme linaloninyima usingizi. Katika kuakisi, voliumu ina upande mmoja ulio mkuu, ndio unaoandikwa, na wa pili unapokea tu. Kituo cha kwanza kikipotea, unaupandisha cheo wa pili kwa nguvu. Lakini kituo cha kwanza hakijui kimevuliwa cheo. Kama kilichokatika ni mkongo na si umeme, kiko hai, kinaendelea kuandika, na sasa mna wakuu wawili. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Tarehe 21 Oktoba 2018 GitHub walipoteza mawasiliano kati ya vituo vyao vya mashariki mwa Marekani kwa sekunde 43 tu. Mfumo ukapandisha upande wa magharibi wenyewe, maandiko ya pande mbili yakaachana, na huduma ikayumba kwa saa 24 na dakika 11. Zile zilikuwa hifadhidata za MySQL, si voliumu, lakini ugonjwa ni uleule. Ndiyo maana sikubali kupandisha cheo kwa skripti kati ya miji miwili yenye mkongo mmoja. Apandishe mtu, na jina lake liandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, pamoja na la msaidizi wake, ili saa nane usiku asitafutwe wa kutoa ruhusa.

Sisi tulijifunza kwa zoezi, namshukuru Mungu halikuwa janga. Tulikata laini, tukapandisha upande wa pili, wahasibu wa majaribio wakaingia, kila kitu kikaenda sawa. Tukapiga makofi. Laini iliporudi, upande wa zamani ukadai bado ni mkuu, na hali ikasomeka split-brain, yaani wakuu wawili wenye data zilizoachana. Dawa yake inajulikana: unaushusha cheo upande ule, halafu unaamuru usawazishwe upya. Tusilokuwa tumelipigia hesabu ni kwamba kusawazisha upya ni kuinakili voliumu yote tena, si mabadiliko peke yake. Voliumu ilikuwa ya terabaiti tatu. Ilituchukua siku tatu kasoro, na muda wote huo tulikuwa na klasta moja tu yenye data kamili. Mpango wetu ulikuwa na kurasa nane za kuhamia na mistari miwili ya kurudi.

Tangu hapo naandika kurudi kwanza. Hamisho la kupangwa lina utaratibu wake mzuri: zima mashine pepe, shusha cheo upande wa kwanza, subiri snapshoti ya mwisho ifike, ndipo upandishe wa pili. Ukifuata hivyo hakuna split-brain, na kurudi ni mabadiliko tu. La ghafla ndilo linalodai voliumu nzima, kwa hiyo voliumu zetu kubwa tumezigawa kwa huduma, ili ya malipo irudi kabla ya ya picha za vitambulisho. Bakapu za kila usiku zinaendelea mahali pa tatu, kwa sababu faili likifutwa kwa bahati mbaya upande mmoja, dakika tano baadaye limefutwa hata upande wa pili.

Zoezi lijalo ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tutakata tena bila kushusha cheo, kama janga lenyewe, na mama mhasibu atakuwa chumbani na droo yake ya risiti, ahesabu mwenyewe ni miamala mingapi haikuvuka.