Bibi, Fenesi na Treni ya Muheza

Bibi yangu wa Muheza akishasema lake, limepita. Tulikuwa na safari ya Moshi kwa treni, nikamwambia tutaipandia Korogwe. Akanitazama kama nimemtukania mama yake.

"Mume wangu," (ndivyo anavyoniita mjukuu wake) "Mjerumani kaanza kutandika reli Tanga 1893, 1896 iko hapa Muheza. Korogwe wameiona 1902! Leo wao ndio wawe na treni, sisi tukae?"

Nikamweleza kwamba treni ya abiria iliyorudi 2019 inatoka Dar, inashika kile kipande cha 1963 kutoka Ruvu, inaingia reli yetu pale Mruazi na kukunjia Korogwe. Muheza haiigusi.

"Si irudi nyuma kidogo itufuate," akasema, akanitwika fenesi.

Tukakaa stesheni asubuhi nzima. Fenesi lilikuwa limepakatwa na mimi, kikonyo kinavuja. Utomvu ukapenya gunia, ukashika suruali, suruali ikashika benchi. Bibi mwenyewe yuko mbali, anasimulia kijireli chembamba kilichochepuka pale Tengeni kwenda Sigi kufuata magogo ya Usambara. Baba yake ndiye aliyemhadithia. Hadithi tamu, ila mimi nimeganda.

Mara reli ikaanza kulia. Bibi akainuka na kanga yake juu, anapunga.

Kikatokea kiberenge: mafundi wa njia, makoleo na debe la grisi. Kikasimama, maana nani atampita bibi kizee anayepunga kanga? Mpaka nijibandue benchini, yeye keshapanda, keshalikalia debe.

"Shikamoo bibi. Hiki hakichukui abiria."

"Marahaba wanangu. Mimi si abiria, ni mzigo. Korogwe shilingi ngapi?"

Mafundi walicheka hadi mmoja akaangusha koleo. Alishuka baada ya kuahidiwa soda mbili na kiti cha dirishani. Tukadaka basi, Segera, Korogwe, na treni ikaingia usiku.

Dirisha likawa lake. Mimi nikapata nafasi mbele kidogo, jirani na binti wa chuo anayeshukia Moshi. Mazungumzo yalikolea. Nilikuwa nimeshatoa simu niandike namba yake, sauti ikapasua behewa zima:

"Mume wangu! Hebu njoo unikande miguu!"

Binti akachukua begi lake, akaliweka katikati yetu.