Faida ya Magadi ni ya hisani, lakini jamii ni ipi?

Kampuni inayomilikiwa na wakfu wa hisani huja na sifa yake mkononi: faida haiishii kwa tajiri mmoja, inajenga hospitali na kusomesha watoto. Kwa Tata, kundi la kampuni la India linalomiliki pia kiwanda cha magadi cha Ziwa Magadi, Kenya, sifa hiyo si ya kupaka rangi. Tata Sons, kampuni mama ya kundi lote, asilimia 66 ya hisa zake ni za wakfu za hisani za ukoo huo, na mbili kubwa zaidi zina majina ya wana wa mwanzilishi Jamsetji, yaani Dorabji na Ratan. Mali hiyo ndiyo iliyosaidia kuizaa Taasisi ya Sayansi ya Bangalore mwaka 1909, na hospitali ya saratani ya Tata Memorial, Mumbai, mwaka 1941, ambako hadi leo wagonjwa wengi maskini hutibiwa bure au kwa malipo kidogo. Anayesema huo ni ujanja wa matajiri tu akamuulize aliyelazwa pale.

Sasa tushuke Kajiado, kaunti ya kusini mwa Kenya. Ziwa Magadi ni bamba la chumvichumvi, jeupe hapa na la waridi pale, katika sehemu ya Bonde la Ufa yenye joto la kukausha koo. Chemchemi za maji moto pembeni hulijaza tena magadi kadiri yanavyochimbwa. Yale ya kulainishia maharage jikoni ni kiasi kidogo mno. Mzigo wenyewe unasafishwa pale pale na kupelekwa viwanda vya kioo na sabuni, sehemu kubwa nje ya nchi. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911. Mwaka huo huo Wamaasai walikuwa wakihamishwa kutoka Laikipia, baada ya mkataba wa 1904 kuwaondoa kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa kuwapisha walowezi. Tata Chemicals, mojawapo ya kampuni za kundi la Tata, iliipata Magadi iliponunua Brunner Mond ya Uingereza, iliyokuwa mmiliki wake, kati ya 2005 na 2006, na eneo linalokodiwa ni ekari zipatazo 225,000.

Kwa hiyo magadi ya Kajiado yana mkono wa hisani ndani yake. Mkono wenye urefu gani? Tata Sons ina karibu theluthi moja ya Tata Chemicals, ambayo hisa zake nyingine ziko sokoni. Chukua asilimia 66 ya theluthi hiyo: katika kila shilingi ya mgao wa faida unaotolewa na Tata Chemicals, zinazoweza kufika kwenye wakfu ni senti 20 na ushei. Zinazobaki ni za wawekezaji wa kawaida kabisa, na hakuna ubaya. Ila "kampuni ya hisani" ni jina kubwa kwa senti 20.

Hizo senti nazo zina njia yake. Sheria ya kodi ya mapato ya India inasamehe wakfu kwa fedha zinazotumika kwa hisani ndani ya India. Kuzitumia nje kunahitaji kibali. Mwaka 2008 wakfu za Tata zilikipa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, dola milioni 50, sehemu kwa utafiti wa kilimo na lishe nchini India, sehemu kwa ufadhili wa wanafunzi wa Kihindi. Fedha zilivuka bahari, walengwa wakabaki Wahindi. Siwalaumu. Wakfu ulioandikwa Mumbai kwa ajili ya maskini wa India unatimiza wasia wake. Lakini mama wa Magadi anayechota maji kwenye kioski hayumo katika wasia huo.

Watetezi watasema: tazameni hospitali ya kampuni, maji yanayoletwa kwa bomba kutoka milima ya Nguruman, reli inayounga Konza. Ni kweli, na mji ule ungekuwa mgumu kuishi bila hayo. Ila reli ilifika Magadi mwaka 1915, na mji wa kampuni ulikuwa na maji na tiba enzi za wenye hisa wa Uingereza wasiokuwa na wakfu wowote. Ukitaka kiwanda mahali pasipo maji baridi, lazima umletee mfanyakazi maji. Hiyo ni gharama ya uzalishaji, si matunda ya umiliki wa hisani. Na mambo yalipokuwa magumu mwaka 2014, kiwanda cha magadi ya daraja la juu kilifungwa na watu wakapoteza kazi, kama ambavyo kampuni yoyote ingefanya. Port Talbot, Wales, nako Tata Steel ilizima tanuri zake mwaka 2024.

Hapa upande wa pili una hoja nzito: wakfu usioruhusu kampuni yake kufunga kiwanda cha hasara utakula mtaji, na hospitali ya Mumbai itakosa mgao. Nakubali. Basi tusiuuze umiliki wa wakfu kama kinga ya mfanyakazi.

Kuna njia nyingine, ya haki badala ya hisani. Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 inagawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayochimba, asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inakochimbwa madini. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa vitendo, miaka kadhaa baada ya sheria kuanza, jamii nyingi zilikuwa bado hazijaiona hiyo kumi, huku kaunti ya Kajiado na kampuni zikivutana mahakamani kuhusu kodi ya ardhi ya mabilioni ya shilingi. Bomba la kampuni, tuseme ukweli, linatoa maji leo.

Mimi naegemea wakfu, ila wakfu wa aina inayojulikana Mombasa na Lamu: duka lina kodi ya pango, kodi hiyo ina msikiti au madrasa yake, na mnufaika ametajwa kwenye hati. Wasimamizi wameboronga mara nyingi, nyumba za wakfu zikapangishwa kwa bei ya kutupa, lakini aliyedhulumiwa anajua ashike hati gani aende kudai haki yake. Magadi haina hati ya namna hiyo. Sehemu ya hisa za kampuni ya Magadi yenyewe, hata asilimia tano, ikiwekwa katika wakfu wenye wadhamini wa Kajiado, mgao ungekuwa deni linalodaiwa. Ugumu utakuwa daftari la wanachama, maana kila ukoo utataka kuhesabiwa. Olkiramatian na Shompole, jirani tu na ziwa, zina uzoefu wa ranchi za jamii wa miaka mingi, zikiendesha malisho na utalii kwa jina la wanachama. Kazi ya kuorodhesha watu ingeanzia kwenye madaftari yao.