Kosa Ni Diski Yangu Tu

Mtaani kwetu Mbagala kelele si habari. Baa ya jirani ina sabufa inayotikisa vikombe kabatini kwangu. Vijana wa bodaboda wamekata mabomba ya moshi ili dunia nzima ijue wamefika. Alfajiri hujafumbua jicho la pili, anapita mtu na spika ya betri: dawa ya panya, mende, kunguni, chawa! Sauti ilirekodiwa mara moja tu na itapita hapa mpaka kiama. Yote hayo familia yangu inalala nayo fofofo. Kinachowanyima usingizi, eti, ni diski ya kompyuta yangu, kile kidubwasha cha ndani kinachotunza faili.

Wahenga walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Sawa, ila mimi ni mpangaji, na karibu na mlango analala mama mkwe.

Mama amekuja kutoka Korogwe kutibiwa macho. Nyumba yetu ni chumba na sebule, kwa hiyo ugawaji haukuhitaji kikao: sisi chumbani, yeye sebuleni pamoja na kompyuta. Kuihamishia chumbani haiwezekani mpaka kitanda kitoke nje. Kuizima usiku nako haiwezekani, maana vifurushi vya intaneti vya usiku ndivyo vyenye bei inayoshikika. Saa sita inaanza kupakua yenyewe. Ni masomo, nawaambia. Mengi ni masomo. Mimi niko chumbani nimejifunika shuka, nasikiliza. Nguuuuu. Kra. Kra-kra. Kimya. Krrrra!

Asubuhi nikampa shikamoo yangu, akaipokea, kisha akasema kwa upole: "Baba Zuhura, humu ndani mna panya."

"Si panya, mama. Ni diski."

Akanitazama vile mkwe anavyomtazama mtu ambaye mahari yake ilipokelewa haraka mno. Spika ya dawa ilipopita, akanunua pakiti, moja akaitega nyuma ya kompyuta.

Ngoja nieleze hapa, maana nyumbani hakuna anayetaka kusikia. Ndani ya diski mna sahani zinazozunguka, na yangu inazunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde. Hiyo ndiyo nguuu. Juu ya sahani kuna mkono wenye kichwa cha kusomea, na kila kikitafuta kitu kinaruka kutoka huku kwenda kule. Hiyo ndiyo kra. Nguuu haina shida, haibadiliki, masikio yanaizoea. Kra haina ratiba. Ukidhani imekwisha inakuja nyingine, na wewe umeshaanza kuisubiri. Ndiyo maana mama anaweza kulala na sabufa ya baa mpaka wafunge, ila kra moja inamkalisha kitako na tochi mkononi.

Na tushukuru tulipofika. Kompyuta ya kwanza kuuzwa na diski kuu, ya kampuni ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, na kabati la hiyo diski lilikaribia tani moja. Zote hizo kwa herufi milioni tano tu, picha moja ya simu ya leo huenda isienee. Hiyo ingekaa sebuleni kwangu, mama angelala wapi?

Nikaenda kwa fundi aliyeniuzia hiyo kompyuta, mtumba wa Ulaya, bado ina stika ya ofisi fulani ya huko. Hata hakuinua kichwa. "Mzee wangu, tupa hiyo, weka SSD."

Najua! SSD ni diski ya chipu tupu, haina kinachozunguka ndani, haina mkono, haina kra. Nani kabisha? Lakini ushauri wa kununua ni mwepesi sana kinywani mwa anayeuza. Nilimuuliza kuhusu kupunguza sauti, akaniuliza nina bei gani.

Nikarudi, nikachukua bisibisi, nikafungua mwenyewe. Hapo ndipo damu ilipochemka. Diski ya inchi 3.5 inafungwa kwa skrubu nne. Yangu ilikuwa na moja, tena imelegea! Skrubu zangu tatu ziko wapi? Ziko kwenye kompyuta ya nani? Na bamba la ubavuni nalo lilikuwa linacheza, ukiligusa kwa kidole linanyamaza, ukitoa kidole linaendelea na mazungumzo yake.

Kumbe hata hivyo diski yenyewe haina sauti kubwa. Inatetemeka kidogo, ikatetemesha kasha, kasha likatetemesha meza, na meza yangu ya plaiwudi niliyochongewa Keko ndiyo ngoma yenyewe. Nilipoishusha sakafuni juu ya kipande cha zulia, nguuu ilipungua papo hapo, bure, bila fundi. Huko Ulaya bila shaka ilikuwa inakaa juu ya zulia la ofisi. Hapa kwetu ikapandishwa mezani kwa heshima, ikaanza kupiga kelele.

Ilibaki kra. Hii inahitaji kutenganisha chuma na chuma. Jirani akasema niizungushie taulo. Asante jirani, diski inapata joto ikifanya kazi, na joto linaiua. Lazima hewa ipite. Tena kuna katundu kadogo juu yake ka kupumulia, kameandikwa kabisa kasizibwe. Nilichofanya ni kununua tyubu kuukuu ya baiskeli kwa fundi baiskeli, nikaikata vipande virefu, nikaining'iniza diski katika ile nafasi pana ya juu inayokaa CD, isiguse chuma upande wowote. Kompyuta imezimwa, bila shaka. Diski inayozunguka haichezewi. Chini yake, kwa tahadhari mpira ukikatika, nikaweka vipande vya kandambili.

Hapo kwenye kandambili pana kesi. Mimi nasema ilikuwa kandambili mbovu, ya mguu wa kushoto, kamba imekatika. Mama Zuhura anasema ilikuwa inasubiri kamba mpya. Imesubiri tangu lini? Haijibiwi. Ila kila akitoka kwenda dukani anavaa viatu vya harusi, apite mbele yangu, ko, ko, ko, ili nione nilichomfanyia.

Kijana wa chuo anayepanga chumba cha uani akaja na flashi yake ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Diski za zamani, anasema, nyingi zina mpangilio wa kukiamuru kichwa kinyate badala ya kuruka: 128 ni kunyata, 254 ni kukimbia. Mpya nyingi hazina tena kitu hicho. Akaandika amri, hdparm kisha -M 128, diski ikakubali, kra ikawa kitu cha mbali kama mtu anayefungua pipi msibani. Faili zinachelewa kidogo kufunguka, lakini humu ndani nani ana haraka? Kisha akanionyesha RAM yangu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, GB 2. Ikijaa, Windows inahamishia mzigo kwenye diski, na hapo diski haipumziki hata ukiwa umeacha kugusa kitu. Nikaongeza kipande cha mtumba. Angalau kwa RAM fundi hakupata cha kunicheka.

Ila kuna sauti moja ambayo siwezi kuitafutia tyubu. Ukisikia tak, tak, tak, kwa mpigo ule ule, na faili hazifunguki, achana na kandambili. Diski inaaga. Nakili picha za harusi kwanza, kelele utazijadili baadaye.

Basi nyumba ikatulia. Nikasubiri pongezi asubuhi. Mama akasema panya wameondoka, ile dawa ni nzuri, atawapelekea na watu wa Korogwe. Nikameza. Akaendelea: lakini hicho kitaa cha kijani kinachokonyeza usiku kucha kinamsumbua macho, na macho ndiyo yaliyomleta mjini. Utabishana na mgonjwa wa macho? Nikabandika kipande cha plasta, taa zote mbili, ya umeme na ya diski, zikafunikwa.

Usiku wa jana nikalala usingizi wa bei mbaya. Kifurushi kilikuwa cha mwisho, faili ni moja, kubwa, ilikuwa imefika asilimia 90 na kitu nilipochungulia kabla ya kulala. Alfajiri natoka chumbani, kompyuta haina hata joto. Nafuata waya mpaka ukutani. Kwenye soketi yetu pekee ya sebuleni imechomekwa chaja ya kitochi.

"Niliona imenyamaza, baba," mama akasema huku anakunja mkeka. "Haina sauti, haina taa, nikajua umeizima. Nami simu yangu ilikuwa imekata chaji."

Moyoni mwangu yalipita maneno ambayo hayajawahi kutamkwa mbele ya mkwe tangu ukoo wetu uanze kuoa.

"Hakuna neno, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Imeshajaa hiyo, unaweza kuchomeka ya kwako."