Mpwa wangu tuliyemwita Bonge

Mtoto wa dada yangu, hapa Tanga, tulimwita Bonge tangu ana miaka minne. Lilikuwa jina la mapenzi, na mimi ndiye niliyelianzisha.

Alipofika kidato cha pili akaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Tukafurahi. Baadaye akaacha wali, kisha chapati, siku asizofunga akasema ameshakula shuleni. Jioni alinyanyua vyuma nyuma ya nyumba, yale makopo ya rangi yaliyojazwa zege, na majirani wakamsifu: kijana ana nidhamu! Siku moja dada alipokuwa akipiga pasi sare zake, aliona mkanda una matundu matatu mapya, yametobolewa kwa msumari.

Hasira zake tulizisingizia balehe. Alijibu kwa mkato, akajifungia chumbani, akavaa sweta katika joto la Machi. Usiku, huyu asiyekula, alikuwa akitazama video za mapishi kwenye simu.

Laiti tungejua kwamba njaa yenyewe huvuruga moyo. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula vijana 36 wa kiume waliojitolea, wenye afya njema, kwa takriban miezi sita. Wakawa na huzuni, wakakasirika upesi, wakajitenga, wakahisi baridi. Wengine wakakusanya vitabu vya mapishi. Niliposoma hayo nilimwona mpwa wangu hasa.

Wavulana hatuwadhanii maradhi haya ya kujinyima chakula, yaitwayo anorexia. Na bado mwaka 1689 daktari Mwingereza, Richard Morton, alieleza wagonjwa wawili waliokonda kwa kukataa chakula, mmoja wao mvulana wa miaka 16. Hadi 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulikuwa bado na kigezo cha kukosa hedhi katika kuyatambua maradhi haya, kana kwamba ni ya wasichana tu. Zahanati tuliyoanzia walituambia njaa ikimzidi atakula.

Mimi nasema kijana akianza kukonda asipigiwe makofi kabla hajaulizwa analalaje, anacheka na nani, na nani alimwambia nini kuhusu tumbo lake.

Sasa anahudhuria kliniki. Ijumaa alikula nusu sahani ya wali wa nazi mbele yetu, akipumzika mara mbili. Siku nilipomwita kwa jina lake halisi kwa mara ya kwanza, alisimama mlangoni akaniuliza, "Mjomba, nimekosa nini?"