Mnataka Tuchangie Hata Vidole?

Kila ofisi ya programu Arusha, iwe Njiro iwe Sakina, haikosi mtu wa kuamka Jumatatu na wazo. Hata chai hajamaliza: "Jamani, timu nzima tuwe na setingi moja ya terminali (dirisha la kuandikia amri) na edita (programu ya kuandikia msimbo)!" Watu wanaitikia, maana Jumatatu asubuhi na baridi hii, nani ana nguvu za kubishana? Kufika mchana, mtu mzima mwenye familia yake hajui afungeje faili.

Tuanzie tmux, programu ya kugawa terminali moja iwe madirisha mengi. Ukiisakinisha ilivyo, amri zake huanza na Ctrl-b. Mwenye Wazo kaona b iko mbali na kidole chake, kaweka Ctrl-a, kawasukumia wote. Sasa Ctrl-a ndiyo ambayo Bash, ile inayopokea amri zako, huitumia kurudi mwanzo wa mstari! Dada wa watu kaandika amri ndefu, kakumbuka hakuweka sudo (neno la mbele la kuomba ruhusa ya msimamizi), anabonyeza Ctrl-a: kimya. Anabonyeza tena: kimya. Dawa ni mstari mmoja, bind C-a send-prefix, ili ukibonyeza mara mbili ipenye mpaka kwa Bash. Mwenye Wazo hakuuweka. Yeye anatumia kitufe cha Home, shida iko wapi?

Halafu Esc. tmux za kabla ya toleo la 3.5, zikiachwa zilivyo, husubiri milisekunde 500 baada ya Esc, eti labda kuna kitufe kingine kinakuja. Kwa mtu wa Vim, edita ya ndani ya terminali, anayebonyeza Esc kuliko anavyopepesa macho, nusu sekunde ni adhabu. Watu wanalaumu laptopu, wanalaumu intaneti, wengine wanamwomba bosi mashine mpya. Kumbe ni set -sg escape-time 10 tu.

Na Vim yenyewe! Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991, aliweka ujumbe wa kuombea msaada watoto wa Uganda. Unauona ukifungua Vim bila faili. Mwenye Wazo kaweka set shortmess+=I, ujumbe umepotea. Mambo ya majirani zetu hayo, yamefutwa ili skrini ipendeze.

Setingi za vidole za mtu mwingine ni kama viatu vyake: huwezi kuvivaa ukapande navyo Meru. Kinachotakiwa kufanana ni kile kinachobaki ndani ya faili. Hapo hata mimi sibishi. Weka .editorconfig, faili la kuziambia edita zote kanuni za uandishi, kwenye repo (ghala la msimbo la Git) ya mradi: root = true, indent_style = space (mistari isogezwe kwa nafasi), indent_size = 4, end_of_line = lf, insert_final_newline = true. Neovim, mdogo wake Vim, kuanzia 0.9 inaisoma yenyewe, VS Code inataka kiongezi. Ila usimsahau Makefile, faili la maagizo ya kujenga programu: yule mzee hataki nafasi, anataka Tab. Usipompa sehemu yake yenye indent_style = tab, atakwambia "missing separator" na kazi imelala. Na kwenye Markdown, mtindo wa kuandikia maelezo, zima ufutaji wa nafasi za mwishoni mwa mistari (trim_trailing_whitespace = false), kwa sababu nafasi 2 za mwisho ndizo zinazokata mstari.

Wenye Windows nao wana yao. Skripti inatoka kwao ina CRLF (alama mbili za kumaliza mstari, Linux hutumia moja tu, LF), ikifika kwenye seva ya Linux inalia "bad interpreter" na kaherufi ^M pembeni, watu wanaanza kusakinisha Bash upya! Weka .gitattributes, faili la kuiambia Git jinsi ya kushika mafaili, yenye * text=auto eol=lf, piga git add --renormalize . kisha ihifadhi kama komiti (rekodi ya mabadiliko) peke yake, bila kuchanganya na kazi nyingine. Namba ya komiti hiyo iandike kwenye .git-blame-ignore-revs, na kila mmoja aelekeze blame.ignoreRevsFile huko. Bila hivyo git blame, amri ya kuonyesha nani aligusa mstari upi, itamtaja Mwenye Wazo kila mstari wa mradi. Safari hii labda ni haki yake.

Sasa Mwenye Wazo anasema faili zote za setingi zikae repo moja, na programu ya GNU Stow itengeneze viungo vya kuzielekea kutoka kwenye mashine ya kila mtu. Sawa kaka. Stow ikikuta tayari una .bashrc (faili la setingi za Bash) ya kweli, inagoma. Mwenye haraka anaongeza --adopt, na hapo ndipo balaa: --adopt inachukua faili lako na kuliweka juu ya lile la timu. Kabla ya komiti piga git diff, la sivyo kesho ofisi nzima inatumia vifupisho vyako, na tokeni (ufunguo wa siri) uliyoificha kwenye .bashrc inasomwa mpaka na mwanafunzi wa field.

Mwishoni mwa .bashrc ya timu weka [ -f ~/.bashrc.local ] && . ~/.bashrc.local, yaani faili la binafsi likiwepo lisomwe, kila mtu afanye vituko vyake humo. Kwenye .gitconfig, faili la setingi za Git, tumia include, jina na barua pepe zikae faili la binafsi. Vinginevyo komiti zote zitatoka kwa mtu mmoja, na siku ya kupandishwa mshahara utaona nani anakumbukwa.

Umeme ukikatika, watu wanahamia bando la simu. Neovim inafunguka, inaona plagi (programu ndogo za kuiongezea uwezo) hazipo, inaanza kuvuta zote. Bando limekwisha hata msimbo hujauona. Angalau lazy-lock.json, orodha ya matoleo ya plagi inayotunzwa na lazy.nvim, iwe ndani ya repo na watu watumie :Lazy restore, wasivute kila siku toleo jipya lililovunjika kivyake.

Bado fonti. Zile alama za matawi ya Git anazozipenda Mwenye Wazo zinahitaji Nerd Font, fonti iliyoongezewa alama za picha; asiye nayo anaona visanduku vitupu. Fonti inakaa kwenye mashine unayoitazama kwa macho. Mwenye Wazo yuko kwenye seva, anaisakinisha huko kwa mara ya tatu.